Uwanja wa Mafia na manowari iliyojificha mikokoni

Wageni wengi wa Fort Jesus, Mombasa, hupiga picha na mizinga miwili mikubwa iliyoko pale wakidhani ni ya Wareno. Siyo. Mmoja ulitoka kwenye manowari ya Wajerumani, Königsberg, na wa pili kwenye Pegasus ya Waingereza, ambayo Königsberg hiyohiyo iliizamisha Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Sisi wa makumbusho tukisimulia habari zake huwa hatutoki baharini, na hapo tunawapunja wasikilizaji, maana nusu ya kisa ilikuwa angani.

Baada ya Zanzibar, Königsberg ilijichimbia katika delta ya Rufiji. Mikoko iliificha, na manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata kwa uhaba wa kina cha maji. Ikabidi itafutwe kutoka juu.

Rubani wa kwanza kuifanya kazi hiyo, Novemba 1914, alikuwa raia aitwaye Dennis Cutler, mwenye ndege ya Curtiss ya kutua majini. Kituo chake kilikuwa Niororo, kisiwa kidogo jirani na Mafia. Rejeta ilipomharibikia, meli ilitumwa hadi Mombasa kuleta nyingine, na iliyopatikana ilikuwa ya gari la Ford! Ikafungwa, akaruka, akaiona manowari. Desemba injini ilimzimikia juu ya delta, akatekwa.

Mwaka uliofuata jeshi la majini lilileta ndege zake lenyewe, aina ya Sopwith. Zilishindwa na joto. Hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo bawa hukosa cha kuegemea na injini hupungua nguvu. Ukiongeza mabomu na petroli ya kutosha, ndege haibanduki majini. Gundi iliyoshika mbao za panga, yaani propela, nayo ililegea.

Dawa ikawa kuachana na maji. Mafia ilikuwa imetekwa na Waingereza tangu Januari 1915, na humo likasafishwa eneo la kurukia. Juni zikafika ndege za magurudumu, Caudron na Henri Farman. Kwa maoni yangu, huo ndio mwanzo halisi wa vituo vya ndege za kivita katika pwani yetu.

Delta iliingiwa na Severn na Mersey, manowari za kina kifupi zilizoundwa awali kwa ajili ya Brazil. Wapiga mizinga wake hawakuiona shabaha kabisa. Mwangalizi aliyekuwa hewani ndiye aliyetazama kombora limeangukia wapi, kisha akatuma herufi chache kwa simu ya upepo: umezidisha, umepunguza, sogeza kushoto. Jaribio la tarehe 6 Julai halikumaliza kazi. Tarehe 11 Julai walirudi, John Cull akiendesha ndege na Arnold akiangalia. Injini yao ilipigwa. Cull akaiacha ndege iteleze taratibu kuelekea mtoni, na Arnold, badala ya kujishikilia, akaendelea kutuma masahihisho njia nzima. Walianguka karibu na Mersey, ndege ikapinduka, boti ikawaokoa wote wawili. Siku hiyohiyo nahodha Max Looff aliamuru Königsberg ilipuliwe.

Mizinga yake 10 ya milimita 105 haikupotea. Wajerumani waliiopoa, wakaitia magurudumu na kuipeleka bara kwa jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wao wa Afrika Mashariki. Ndege nazo zikahamia bara. Mapema 1916 Kikosi cha 26 cha ndege cha Waingereza, chenye watu wa Afrika Kusini, kilipiga kambi Mbuyuni, kwenye reli iliyotoka Voi kuelekea Taveta, kikiwa na ndege za BE2c. Kaulimbiu yake ni ya Kiafrikana, 'N Wagter in die Lug, yaani mlinzi angani. Kituo kilifuata vita vilikokwenda, hadi Morogoro. Machi mwaka huo, mmoja wa mizinga ya Königsberg ulikutwa Kahe, Wajerumani wakiwa wameshauharibu wenyewe kabla ya kuondoka.