Itikadi kali: mtu huingiaje?

Mombasa, kijana wa mtaani anapotoweka na baadaye ikasikika kwamba yuko Somalia na Al-Shabaab, barazani hutolewa maelezo mawili: ama ana wazimu, ama alitiwa kasumba. La wazimu lilikwisha kupingwa tangu mwaka 1981, mtafiti wa ugaidi Martha Crenshaw alipoandika kwamba sifa inayoonekana zaidi kwa magaidi ni ukawaida wao. Isitoshe, kundi linaloishi kwa siri halina haja na mtu asiyeweza kuitunza.

La kasumba lina ukweli wa nusu. Neno hilo, ambalo asili yake ni afyuni, humfanya kijana aonekane kama mlevi asiye na hiari, ilhali kuingia katika itikadi kali ni mwendo ambao yeye mwenyewe huupiga hatua kwa hatua. Mwanasaikolojia Fathali Moghaddam aliufananisha mwaka 2005 na ngazi za jumba linalozidi kuwa jembamba kadiri mtu anavyopanda. Aliyepanda ngazi za nyumba za Mji wa Kale hahitaji kuchorewa picha. Chini kabisa wapo watu wengi mno wanaohisi kudhulumiwa, na karibu wote hubaki hapo hapo. Wachache hupanda kutafuta haki, wakaikosa, wakageuza hasira yao kwa adui waliyeonyeshwa, hadi dunia ikagawanyika kuwa “sisi” na “wao”, na kumuua asiye na hatia kukapewa jina la wajibu.

Je, umaskini ndio unaowapandisha? Mmoja wa wapiganaji wa Al-Shabaab waliowaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, alikuwa mtoto wa chifu, na yeye mwenyewe alikuwa na shahada ya sheria. Mtafiti Marc Sageman naye, alipochunguza maisha ya watu 172 wa mitandao ya namna hiyo, aliona kwamba wengi waliingia kwa kuwafuata marafiki na jamaa. Itikadi yenyewe ilikolea baadaye, wakiwa tayari ndani.

Kwa hiyo kutoka nako si jambo moja. Aprili hiyo hiyo serikali ilitangaza msamaha kwa vijana watakaojisalimisha, lakini wataalamu hutofautisha kuacha vitendo na kuacha imani: anayerejea mtaani kwao Kisauni, Mombasa, huenda amechoka na vita tu, bila kubadili hata neno moja la anayoyaamini.