Bibi anakumbuka nyimbo za unyago, chai ya asubuhi haikumbuki

Bibi yetu yuko Newala. Nyimbo alizofundishwa unyagoni anaziimba zote, lakini akimaliza chai anauliza mbona hajapewa. Anatuigizia?

Haigizi. Kumbukumbu si ghala moja. Jambo jipya linahitaji sehemu ndogo iliyo ndani ya ubongo, iitwayo hipokampasi, ili lipate kukaa. Ya zamani, hasa yaliyorudiwa sana, yamekwisha kuota mizizi kwenye tabaka la juu la ubongo. Hipokampasi ikidhoofika, ya leo hayashiki, ya usichana wake bado yapo.

Mwaka 1953 Mmarekani mmoja, Henry Molaison, alipasuliwa kichwa ili kutibiwa kifafa, akaondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili. Utoto wake aliukumbuka. Mtu aliyezungumza naye, akitoka na kurudi baada ya muda mfupi, alikuwa mgeni kabisa. Mtafiti Brenda Milner akamfundisha kuchora nyota huku akitazama kwenye kioo. Siku hadi siku mkono ukawa hodari, na mwenyewe hakumbuki kama aliwahi kuchora!

Ndiyo maana bibi bado anabangua korosho vizuri?

Ndiyo hiyo. Ujuzi wa mikono una njia nyingine, ikiwemo ubongo mdogo ulio kisogoni. Mwacheni abangue, ila kwenye moto wa kukaangia asikae peke yake.

Majirani wanasema karogwa.

Neno hilo limeumiza wazee wengi, nisingelirudia hata kwa utani. Kusahau miwani ilipo ni uzee tu. Kupotea njia ya shamba alilolipalilia maisha yake yote, au kushindwa kusonga ugali, ni dalili ya ugonjwa, mpelekeni hospitali. Baadhi ya sababu zinatibika: tezi ya shingo kuzembea, upungufu wa vitamini B12, sonona, hata dawa anazotumia. Bebeni dawa zake zote daktari azione. Presha na sukari zipimwe pia.

Akichanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, hilo ni jambo jingine. Msingoje mnada wa korosho upite. Yaweza kuwa malaria, maambukizi mengine au kiharusi.

Na mimi ninayesahau ninachosomea mtihani?

Wewe lala. Usingizini ubongo huyapanga ya mchana. Kisha funga daftari, ujiulize bila kuchungulia. Rudia kesho, rudia wiki ijayo. Nyakanga, mwalimu wa unyago, hakumsomea bibi yako maandishi, alimwimbisha mpaka akaimba mwenyewe.

Akiuliza chai mara ya tano tumjibuje?

Kama mara ya kwanza, maana kwake ndiyo ya kwanza. Msimwambie "si umekunywa sasa hivi!", atadhani mnamdanganya. Kikombe alichonywea msikioshe upesi, kiacheni mbele yake akione. Husaidia, ingawa si kila siku.