Neno la Yohana 1:1 lilitoka wapi?

"Hapo mwanzo kulikuwako Neno." Msomaji wa Biblia ya Kiswahili anaujua mstari huu kwa moyo. Sasa fungua Luka 16:2, pale tajiri anapomwambia wakili wake, "Toa hesabu ya uwakili wako." Neno la Yohana na hesabu ya wakili, kwa Kigiriki, ni kitu kimoja: logos. Mgiriki alipolitamka aliweza kumaanisha usemi, hoja, sababu, uwiano au hata hesabu za duka.

Aliyelipa uzito wa kifalsafa ni Heraclitus wa Efeso, mji ulio katika Uturuki ya leo, yapata mwaka 500 KK. Wengi humkumbuka kwa mfano wa mto usioingiwa mara mbili. Mimi naona fundisho lake zito zaidi liko kwingine: kwamba katika mabadiliko hayo yote upo mpango mmoja, logos, ambao ni wa wote, ilhali watu wengi huishi kana kwamba kila mmoja ana akili yake ya pekee. Maandishi yake yametufikia vipandevipande tu.

Karne mbili baadaye Zeno, mzaliwa wa Kitio huko Kupro, alifundisha Athene katika ukumbi wa nguzo ulioitwa stoa, yaani baraza. Ndiyo maana wafuasi wake huitwa Wastoa; watu wa barazani, tungesema pwani. Kwao logos ni akili ya kimungu iliyopenya ulimwengu wote mfano wa moto, na ndani ya kila binadamu kuna cheche yake. Hivyo mtumwa na mfalme wana akili ya asili moja.

Kwa Wayahudi wa Aleksandria, mji wa Misri, logos ilikuwa tayari imetumika kutafsiri dabar ya Kiebrania, ambayo ni neno na pia jambo. Hapa Kiswahili kinatufaa kuliko lugha nyingi, maana nasi husema "si neno" tukimaanisha si kitu, hakuna tatizo. Philo, Myahudi wa mji huo aliyeishi zama za Yesu, aliunganisha mikondo hiyo miwili na kuiona logos kama kiungo kati ya Mungu na viumbe.

Kwa hiyo mwanafalsafa angeusoma mstari wa kwanza wa Yohana bila kushtuka. Ni ule wa 14 uliomkwaza: "Naye Neno alifanyika mwili." Augustino, askofu wa Afrika Kaskazini, anakiri katika Maungamo yake kwamba mambo ya mstari wa kwanza aliyakuta katika vitabu vya Waplato, yaani wafuasi wa mwanafalsafa Plato, ila hili la mwili hakulikuta humo.

Kabla yake, Yustino, mwalimu Mkristo aliyeuawa Roma yapata mwaka 165, alikwishachukua dhana ya Wastoa ya mbegu za logos, yaani sehemu zake zilizopandwa ndani ya watu, akaandika kwamba Socrates na Heraclitus, kwa kuwa waliishi kwa kuifuata, walikuwa Wakristo. Tertuliano, mwandishi Mkristo wa Kartago, Afrika Kaskazini, hakutaka kusikia habari hizo. Aliuliza kwa ukali: Athene ina nini na Yerusalemu? Yaani falsafa ina nini na imani? Lakini alipoandika kuhusu nafsi alishikilia kwamba nayo ni mwili wa aina yake, na fundisho hilo lilitoka kwa watu wa barazani.