Kilima cha Pugu na uvumi wa mali za Mjerumani

Malalamiko kuhusu mashimo yanayochimbwa usiku kwenye misheni za zamani, hata kando ya makaburi, yanazidi kutufikia. Jibu la wachimbaji ni lilelile: wanatafuta mali za Mjerumani, yaani masanduku ya dhahabu yanayosemekana Wajerumani waliyazika. Tuanze na Pugu, karibu na Dar es Salaam, kwa kuwa tarehe zake peke yake zinaukanusha uvumi huo.

Wamisionari Wabenediktini, wa shirika lililoanzishwa na Andreas Amrhein mwaka 1884, walifika Dar es Salaam mwanzoni mwa 1888, wakapanda Pugu kuweka makao yao. Agosti mwaka huohuo kampuni ya Wajerumani ilianza kutwaa bandari za pwani, na upinzani ukalipuka chini ya Abushiri bin Salim. Tarehe 13 Januari 1889 misheni ilivamiwa. Mabruda wawili na sista mmoja waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka. Waliobaki walihamia mjini, ambako ujenzi wa Kanisa la Mtakatifu Yosefu ulianza 1897. Kilimani Pugu baadaye ikaja shule ya Mtakatifu Fransisko, aliyofundisha Nyerere hadi alipojiuzulu 1955.

Kituo cha kwanza, basi, hakikutimiza hata mwaka. Masanduku ya dhahabu yalizikwa lini, na dhahabu gani? Rupia za kampuni ya Wajerumani zilianza kutengenezwa 1890. Ile sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye tembo, ilitengenezwa Tabora mwaka 1916, miaka 27 baada ya uvamizi. Mwaka 1889 pwani ilikuwa ikitumia reale za Maria Theresa, rupia za India na pesa za shaba za Sultani. Tumelieleza hili mara nyingi. Nayo mashine ya kupimia metali ardhini inalia kwa msumari, bawaba au kopo kama inavyolia kwa dhahabu.

Kinachopotea ni kikubwa kuliko shimo. Jengo la udongo likiungua huacha matabaka: juu udongo ulioletwa na mvua, chini yake vipande vya ukuta vilivyookwa vikawa vyekundu, kisha mkaa na majivu, mwisho sakafu. Msumari uliolala ndani ya mkaa, juu ya sakafu, unaonyesha paa liliporomoka likiwaka. Msumari huohuo ukiwa kiganjani mwako hausemi lolote. Ukishachimba ukafukia, matabaka yamechanganyika, na hakuna mtaalamu awezaye kuyapanga upya.

Wapo wanaojitetea kwa mwaka 1863. Ni kweli Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavilinda moja kwa moja vitu vya kabla ya mwaka huo, lakini vya baadaye navyo hulindwa vikishatangazwa na Waziri. Kuchimba kutafuta malikale bila leseni ni kosa, hata kama mwenye shamba amekuruhusu; ruhusa yake si leseni. Adhabu ni faini, kifungo au vyote viwili. Ukigusa kaburi unaingia pia kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na hapo umri wa kaburi hauulizwi.

Kwa anayejenga kwa nia njema na akakutana na kitu: simamisha jembe. Usikitoe, usikioshe, usikisugue kutu, kwani kutu ikibanduka hubeba umbo la chuma chenyewe. Pima kina kutoka usawa wa ardhi, weka rula au kalamu pembeni, piga picha mbili, ya karibu na ya mbali ikionyesha mti au jengo la kudumu. Funika kwa turubai, kisha rudishia udongo mlaini juu yake, usitumie mawe. Toa taarifa serikali ya mtaa au kijiji, kwa ofisa utamaduni wa wilaya, au moja kwa moja ofisi ya Mambo ya Kale au Makumbusho ya Taifa, na uombe jina la aliyeipokea. Ukiona mfupa unaoelekea kuwa wa binadamu, polisi waitwe kwanza, na fundi asishuke tena shimoni hadi wafike.