Je, wajua kwa nini reli za treni ndogo hupinda zikijengwa gerejini?

Huko California nyumba nyingi hazina chumba cha chini ya ardhi, kwa hiyo mpenzi wa treni za mfano hulitoa gari likalale nje ili gereji iwe stesheni. Kipimo kinachopendwa zaidi huitwa HO, kinachopunguza kila kitu mara 87. Reli yenye upana wa milimita 1,435, kama ile ya SGR ya Mombasa hadi Nairobi, hapo hubaki milimita 16.5. Kwa upana huo, kosa dogo tu linatosha kuangusha behewa.

Mwenye pupa hununua treni kwanza, akaunda meza ya mbao, akatandika reli zilizonyooka sawasawa. Msimu ukigeuka, anakuta zimejipinda pembeni na misumari imeng'oka.

Sababu ni kwamba reli na mbao haziendi pamoja. Reli hizi kwa kawaida ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, nao hufuata joto: mita 10 zikipata ongezeko la nyuzi joto 40 hurefuka milimita 6 hivi. Mbao haijali sana joto, yenyewe hufuata unyevu. Sasa washa hita gerejini wakati wa baridi. Hewa inakauka, meza inasinyaa, na saa hiyohiyo reli inapata joto na kurefuka. Itakwenda wapi? Inapinda.

Ndiyo maana chumba hutangulia treni. Anza na sakafu, maana zege hupitisha unyevu wa ardhini bila kuonekana. Bandika kipande cha nailoni sakafuni, ziba kingo zote kwa utepe, kiache mpaka kesho yake. Ukikuta matone upande wa chini, paka dawa ya kuzuia unyevu kabla ya lolote. Kisha mlango, ambao ndio tundu kubwa kuliko yote: uwekee raba pembeni na chini, na mgongoni uupe ubao wa kuzuia joto. Hita ya gesi isiyo na bomba la kutolea moshi usiiguse. Gesi inapoungua hutoa mvuke wa maji, achilia mbali sumu yake. Dari na taa vimalizwe mapema, kwani vumbi la jipsamu likiingia kwenye reli huzuia umeme unaopita humo kuendesha treni.

Meza iwe ya plaiwudi iliyopakwa rangi pande zote mbili, upana usizidi sentimita 75, la sivyo treni ikianguka kule nyuma mkono haufiki.

Hata hivyo reli hupewa nafasi ya kupumua. Ukitandika siku ya baridi, acha mwanya mwembamba kwenye maungio. Siku ya joto kali, zigusanishe. Wala usilehemu kila ungio. Na kwa kuwa ungio lililolegea halipitishi umeme vizuri, kila kipande cha reli kivutiwe waya wake kutoka chini ya meza.