Afisa usalama wa ubalozi si "mtu wa Usalama"

Kwa Kiswahili chetu, hasa cha Tanzania, neno "usalama" lina herufi kubwa hata likitamkwa kwa mdomo. Mtu akisema kijiweni kwamba fulani ni wa Usalama, sauti hushuka na mazungumzo yanahamia kwenye Simba na Yanga. Kwa hiyo Mmarekani mwenye cheo cha afisa usalama wa ubalozi akitajwa tu, hukumu imeshatoka: jasusi. Dhana nyingine zinafuata hapohapo. Ana bunduki kwapani, anaweza kukukamata popote, anaishi kwenye kipande cha Marekani kilichozungushiwa ukuta, na analindwa na makomando waliokuja naye kwa ndege.

Maafisa usalama hao wa ubalozi ni waajiriwa wa idara ya usalama wa kidiplomasia, iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Sisi wa Dar na Nairobi kazi yao hatuijui kwa kusimuliwa tu. Tumeilipia.

"Ni jasusi aliyevaa suti"

Jasusi hujificha, na huyu akijificha kazi yake inakufa. Huandikishwa waziwazi kama mwanadiplomasia kwenye nchi anayokwenda. Makamanda wa polisi wa mji wana namba yake ya simu, naye anazo zao. Tangu 1985 lipo baraza linaloitwa OSAC, na kupitia hilo maafisa hawa hukaa na wakuu wa kampuni, shule na mashirika ya Kimarekani kuzungumzia hali ya uhalifu na vurugu. Kwa Marekani, hawa ni wapelelezi wa makosa ya jinai, na mkate wao wa kila siku ni pasipoti za kughushi na udanganyifu wa viza. Kwamba nchi kubwa huweka pia watu wa ujasusi kwenye balozi zake, hakuna mtu mzima atakayebisha. Ila si huyu.

"Ubalozi ni ardhi ya Marekani"

Hii imeota mizizi hata kwa wasomi. Ubalozi wa Marekani ulioko Dar es Salaam umekaa juu ya ardhi ya Tanzania, na wa Nairobi juu ya ardhi ya Kenya. Mkataba wa Vienna wa 1961 hauhamishi ardhi. Unachosema, kwenye kifungu cha 22, ni kwamba maofisa wa nchi mwenyeji hawaingii bila ruhusa ya mkuu wa ubalozi, na kwamba nchi mwenyeji ina wajibu maalumu wa kuulinda ubalozi huo. Mama akijifungulia kwenye foleni ya viza, mtoto hapati uraia wa Marekani kwa sababu ya sakafu aliyozaliwia.

Hapo ndipo mamlaka ya afisa wetu yanapoishia. Anakamata watu akiwa kwao. Akiwa kwako hana pingu. Akimgundua mtu aliyeleta cheti cha ndoa cha bandia, analipeleka faili polisi, na polisi wa nchi ndio wanaokamata na kushitaki. Hata Ramzi Yousef, aliyetafutwa kwa shambulio la bomu la 1993 kwenye jengo la World Trade Center mjini New York, alipokamatwa Islamabad Februari 1995, mawakala wa idara hii walikuwepo, lakini walikuwa pamoja na vyombo vya Pakistani. Kinga ya kidiplomasia nayo haimfanyi awe juu ya sheria: kifungu cha 41 cha mkataba huohuo kinamtaka aheshimu sheria za nchi aliyomo.

Na kama mwenyeji hataki kulinda? Hapo ukuta unaonyesha udogo wake. Tarehe 4 Novemba 1979 ubalozi wa Marekani mjini Tehran ulivamiwa, serikali mpya ya Iran haikuwatoa wavamizi, na Wamarekani 52 wakakaa mateka siku 444. Mwaka uliofuata Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Iran ilivunja wajibu wake, lakini hukumu haikufungua mlango. Tangu enzi hizo kila mtu wa kazi hii anafundishwa jambo lilelile: ukuta, geti la chuma na kioo kinene ni vya kununua dakika tu, mpaka polisi wa nchi mwenyeji wafike. Wasipofika, dakika huisha.

"Walinzi ni Marine"

Ukipita mbele ya ubalozi ukamwona kijana mwenye sare, rungu na kioo cha kuchungulia chini ya magari, huyo si Marine, yaani askari wa majini wa Marekani. Huyo ni mtu wa Mbagala au wa Kayole. Askari wa Marine wapo kwenye balozi nyingi tangu makubaliano ya 1948, lakini ni kikosi kidogo. Kazi yao ya kwanza kimapokeo ni kulinda nyaraka na vifaa vya siri ndani ya jengo, si kupigana barabarani. Kule Tehran walirusha mabomu ya machozi ili wenzao wapate muda wa kuharibu karatasi. Nje, mstari wa kwanza ni walinzi wa nchi husika, wengi wao wa kampuni binafsi, na polisi.

Hapa sitapita haraka, kwa sababu ndipo hadithi inaposimuliwa kombo siku zote.

Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, kama saa nne na nusu asubuhi, lori lilifika nyuma ya ubalozi wa Marekani katikati ya Nairobi, kwenye makutano ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue. Mlinzi Mkenya, asiye na bunduki, aliambiwa afungue kizuizi. Akakataa. Akarushiwa guruneti, akakimbia huku akijaribu kuwaita Marine kwa redio. Lori halikupata kuingia lilikotaka kuingia. Lililipuka pale nje, jengo la jirani la Ufundi likaanguka, na watu 213 wakafa. Kati yao, wafanyakazi Wamarekani wa ubalozi walikuwa 12, na wafanyakazi Wakenya wa ubalozi huohuo 32. Waliobaki walikuwa wapita njia, makarani, abiria wa matatu na wanafunzi.

Karibu wakati uleule, kwenye ubalozi wa Marekani wa Dar es Salaam, Barabara ya Laibon, lori jingine lilifika getini na kukuta limezibiwa na gari la maji la ubalozi. Likalipuka nje ya geti. Walikufa watu 11, na hakuna Mmarekani hata mmoja kati yao. Walinzi watano wa zamu, Watanzania, ni miongoni mwa waliokufa.

Mtu akisema balozi zinalindwa na makomando wa kigeni, namuuliza: komando yupi alikuwa getini siku ile?

"Kazi yenyewe ni bunduki na miwani myeusi"

Miwani ipo. Lakini afisa huyu hushinda na vitu vya kuchosha: mikataba ya walinzi, kufuli, kamera, orodha ya mafundi watakaoingia Jumanne kutengeneza viyoyozi, na uchunguzi wa historia ya mpishi mpya. Pembeni yake wako wahandisi na mafundi ambao si askari kabisa, nao hutunza milango ya umeme, ving'ora na mitambo ya kupekua mizigo.

Kisha vipimo vya mita. Baada ya mashambulio ya mabomu dhidi ya Wamarekani mjini Beirut, Lebanon, mwaka 1983, tume iliyoongozwa na Admirali Bobby Inman ilipendekeza majengo yawe mbali na barabara, na idara yenyewe ikaundwa upya katikati ya miaka ya themanini. Ila majengo ya zamani yalibaki palepale. Ubalozi wa Nairobi ulikuwa umebanana na barabara mbili zenye msongamano, na Balozi Prudence Bushnell alikuwa ameshawaandikia wakubwa wake Washington kuhusu hatari hiyo kabla ya bomu. Kwa hesabu zao za ugaidi, Nairobi ilikuwa kituo cha hatari ya wastani na Dar kituo cha hatari ndogo. Nguvu ya mlipuko hupungua kwa kasi kadiri unavyosogea mbali, kwa hiyo sheria ya 1999 ikaweka umbali wa futi 100, yaani kama mita 30, kati ya jengo jipya na uzio. Ndiyo sababu ubalozi wa Nairobi uko Gigiri na wa Dar uko Msasani, kila mmoja na uwanja mkubwa ambao watu huuona kama majivuno ya kizungu.

Jambo dogo kuliko yote ndilo linalonikaa kichwani. Nairobi, kishindo cha guruneti kiliwavuta watu madirishani waone kuna nini. Sekunde chache baadaye bomu likalipuka, na vioo vikawapiga usoni. Kwa hiyo leo zoezi la ubalozini ni hili: ukisikia king'ora, ondoka dirishani, lala chini. Mhasibu wa miaka hamsini, na suti yake, analala chini ya meza. Wafanyakazi hucheka na kunung'unika, na afisa usalama hulirudia tena mwezi ujao.

"Yeye ndiye anayeijua nchi"

Huhama kila baada ya miaka miwili au mitatu. Kwenye vituo kama Baghdad ni mwaka mmoja, bila mke wala watoto. Anayeijua nchi ni mpelelezi mwenyeji aliyeajiriwa ofisini kwake, mara nyingi polisi mstaafu. Huyo anajua mhuri upi wa wilaya ulibadilishwa mwaka gani, na anasoma barua ya mtendaji wa kata akatambua kwamba Kiswahili chake kimeandikwa na mtu wa mjini. Maafisa huja na kuondoka, mzee yupo. Mshahara na cheo haviko hivyo, lakini ujuzi uko hivyo.

"Ukiwa na green card unaomba tu"

Haitoshi. Kuwa wakala wa idara hii kunahitaji uraia kamili wa Marekani (wa kuzaliwa au wa kuapa), shahada ya chuo, kuajiriwa kabla ya kufikisha miaka 37, kupekuliwa maisha yako kwa ajili ya kibali cha siri kuu, na kukubali kupelekwa popote duniani. Ndugu, marafiki na safari zako zote za nje vitaulizwa. Mafunzo huanzia Glynco, Georgia, na kuendelea Blackstone, Virginia.

Na binamu yako wa Minnesota anayejiona ameshashuka Dar kwenye msafara wa magari meusi, mwambie kituo cha kwanza kwa kawaida kiko hukohuko Marekani, kwenye ofisi ya mkoani, na mafaili ya pasipoti zilizoghushiwa.