Virusi vya HPV: kwa nini kwa mmoja vinapita na kwa mwingine vinakaa

Mwanamke akipewa majibu ya kipimo cha HPV, virusi vinavyoweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi, na kuambiwa vimeonekana, swali la kwanza karibu kila mara ni hili: nani kaniambukiza? Huwa silijibu, na si kwa kukwepa. Virusi hivi huambukizwa kwa kugusana kwa ngozi wakati wa kujamiiana, vinaweza kukaa kimya kwa miaka, na wengi wa waliowahi kujamiiana wamekutana navyo angalau mara moja bila kujua. Swali lenye faida ni jingine: je, vitaondoka?

Mara nyingi vinaondoka. Kati ya kila watu kumi walioambukizwa, kama tisa hawana tena virusi vinavyoonekana kwenye kipimo ndani ya miaka miwili, na hawakumeza hata kidonge kimoja. Mwenye kutushughulisha ni yule wa kumi. Zipo aina zaidi ya 200 za HPV, lakini zinazoleta saratani hazizidi 15, na mbili tu kati yake, ya 16 na ya 18, ndizo chanzo cha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Kwa hiyo aina ya kirusi ni sehemu ya jibu. Sehemu iliyobaki iko kwenye mwili wenyewe: kinga yake, na bakteria wanaoishi ukeni.

Tuanze na kinga. HPV hujua kunyata. Hupenya kwenye michubuko midogo isiyoonekana kwa macho mpaka kwenye seli za tabaka la chini kabisa la utando wa mlango wa kizazi. Huko haiui seli wala haiingii kwenye damu. Husubiri seli ipande juu taratibu, kama zinavyopanda seli zote za ngozi, kisha hujizalisha kwa wingi ndani ya seli ambayo ilikuwa inaelekea kubanduka hata hivyo. Hakuna kidonda, hakuna homa, hakuna usaha. Askari wa mwili huamshwa na vurugu, na hapa vurugu hakuna.

Juu ya ukimya huo, kirusi kina protini mbili, E6 na E7, zinazodhoofisha ishara za hatari ambazo seli ingetuma kwa majirani zake. Protini hizo hizo huondoa breki zinazozuia seli kugawanyika ovyo, na ndiyo maana maambukizi yanayokaa muda mrefu huweza kugeuka saratani. Safari hiyo ni ndefu: kwa mwenye kinga nzuri huchukua miaka 15 hadi 20.

Kinachomaliza maambukizi hasa ni seli T, zile seli nyeupe za damu zinazotambua seli iliyoambukizwa na kuiangamiza. Kingamwili, yaani protini za damu zinazonasa virusi, zinazobaki baada ya maambukizi ya kawaida huwa hafifu, na baadhi ya wanawake hawapati kabisa, ndiyo sababu mtu anaweza kuambukizwa tena. Ukitaka kuona umuhimu wa seli T, tazama pale zinapopungua. Mwanamke anayeishi na VVU ana uwezekano mara sita zaidi wa kupata saratani ya mlango wa kizazi, na kwake, hasa asipotumia dawa, miaka ile 15 inaweza kushuka hadi mitano au kumi. Aliyepandikizwa figo na kutumia dawa za kushusha kinga yumo kwenye kundi hilo la hatari. Mvutaji sigara naye: moshi hauishii kwenye mapafu, kemikali zake hukutwa hata kwenye ute wa mlango wa kizazi.

Sasa bakteria. Mwaka 1892 daktari Mjerumani Albert Döderlein alieleza bakteria wa ukeni wanaotengeneza asidi. Leo tunawaita laktobasili. Homoni ya estrojeni huzifanya seli za uke zihifadhi aina ya wanga, wanga huo ukivunjwa laktobasili huula, na wakishakula hutoa asidi laktiki. Ukigusisha karatasi ya pH kwenye ukuta wa uke wenye laktobasili wengi, husoma kama 4, uchachu unaowashinda vijidudu wengi. Asidi hiyo pia husaidia ute ubaki mzito, na ute mzito hunasa virusi kabla havijafika kwenye mchubuko.

Kwenye darubini tofauti huonekana bila kuhitaji maelezo. Katika sampuli yenye laktobasili, seli za uke zina kingo safi na pembeni mna vijiti virefu vilivyotawanyika. Katika sampuli ya mwanamke ambaye laktobasili wake wamezidiwa, seli zimefunikwa na vijidudu vidogo hadi kingo hazionekani, kama andazi lililogaragazwa kwenye ufuta. Ile karatasi ya pH nayo hupita 4.5. Hali hiyo huitwa vajinosisi ya bakteria, na duniani humpata takriban mwanamke mmoja kati ya wanne walio katika umri wa kuzaa, wengi wao bila dalili yoyote. Baadhi ya bakteria wanaoshika nafasi, Gardnerella mmojawapo, hutoa vimeng'enya vinavyokatakata ute na kuacha seli wazi.

Wanawake wenye hali hiyo hukutwa na HPV zaidi, na kwao virusi huchelewa kuondoka. Hapa naomba tusikimbilie hitimisho. Kukutwa pamoja si kusababishana, na upo ushahidi kwamba mambo huenda pande zote mbili: HPV yenyewe hupunguza protini fulani za utando ambazo laktobasili huzitegemea kwa chakula. Si laktobasili wote wenye nguvu sawa, vilevile. Lactobacillus crispatus ni mlinzi imara. Lactobacillus iners hubadilika upesi na mara nyingi huonekana pale mambo yanapoanza kuharibika.

Anayeuza vidonge vya bakteria wazuri kama tiba ya HPV, basi, amewatangulia watafiti. Vajinosisi yenye dalili hutibiwa kwa antibaiotiki, lakini tiba hiyo haiui HPV. Kuosha ndani ya uke kwa sabuni, siki au dawa za manukato huwafukuza hao hao laktobasili tunaowahitaji. Maji ya kawaida kwa nje yanatosha.

Chanjo haitegemei bakteria gani wamo ukeni. Huchomwa kwenye msuli na kuzalisha kingamwili nyingi kuliko zile za maambukizi ya kawaida, ila haiondoi virusi vilivyokwisha kuingia, na ndiyo maana walengwa wakuu ni wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kwa waliokwisha kuambukizwa kuna uchunguzi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kipimo cha HPV kuanzia miaka 30, kila baada ya miaka 5 hadi 10. Kwa anayeishi na VVU ni kuanzia miaka 25, kila baada ya miaka 3 hadi 5. Mwanamke yeyote akikutwa na HPV, ataangaliwa mlango wa kizazi, na kama seli zimeanza kubadilika huondolewa kwa kugandishwa au kwa joto, kwa dakika chache, mara nyingi bila kulazwa.